Kuimba hoteli ya kasino: tathmini ya walioingilia mlango wa nyuma

Jina la hoteli silitaji. Iko katikati ya Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka Posta, ina kasino chini na baa inayotazamana nayo. Wageni wameshaisifia sana mitandaoni: vitanda, kifungua kinywa, bwawa. Bwawa hilo sisi hatujaliona. Tuko wawili, mimi sauti ya mbele, mwenzangu kinanda na sauti ya pili, na tunaimba pale kuanzia saa tatu usiku, Alhamisi hadi Jumamosi. Naandika kwa ajili ya waimbaji wenzangu walioanza kupigiwa simu na hoteli za namna hii, wakaona zile taa wakadhani wamefika.

Mnaingilia nyuma, palipo na mapipa ya taka na gari la samaki. Mlinzi ana daftari, na kila kifaa kinaandikwa: kinanda na namba yake, maiki, stendi, kila waya. Mkitoka usiku wa manane vinahesabiwa upya, na waya ukizidi mmoja mnasimama hapo mpaka msimamizi wa zamu aamshwe. Andikeni orodha yenu nyumbani, mchapishe nakala mbili, mlinzi asaini moja mbaki nayo. Watawaambia pia hoteli ina kinanda chake, hamna haja ya kubeba. Bebeni. Enzi za bendi za mashirika, kuanzia NUTA Jazz ya mwaka 1964 iliyokuwa chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vilikuwa mali ya shirika na mwanamuziki alilipwa mshahara. Akihama, gitaa linabaki. Lakini wale walikuwa na huo mshahara. Hapa hamna mshahara, na kinanda cha hoteli nota tatu za katikati zimekufa.

Njia ya kwenda jukwaani inapita ndani ya kasino. Hili linaonekana dogo mpaka likukute. Mdogo wake mwenzangu, ambaye hutusaidia kubeba spika, hajatimiza miaka 18, na sheria haimruhusu kukanyaga mle. Anaishia getini. Kwa hiyo spika nazibeba mimi, nimeshavaa au sijavaa. Na kwa kuwa mle ndani kupiga picha ni marufuku, na jukwaa letu linatazama meza za kamari, hamtapata hata video moja ya kujitangazia. Tumeimba pale msimu mzima na kwenye simu yangu kuna picha moja tu: ya ghala.

Ghala ndicho chumba cha kubadilishia. Kwenye mkataba kimeandikwa "chumba cha wasanii", na kweli kuna karatasi mlangoni inayosema hivyo, imebandikwa juu ya maandishi ya zamani yanayosema vitambaa na viti vya harusi. Viti vimepangwa hadi darini. Kioo hakuna, najipaka wanja kwa kioo cha poda. Hanga hakuna, gauni linaning'inia kwenye mkono wa kiti cha bwana harusi. Mlango haufungi kwa ndani, kwa hiyo mmoja akivaa mwingine anasimama nje, na mhudumu akija kutafuta vitambaa vya meza anasubiri au hasubiri, kutegemea kama kuna karamu juu. Nasema hivi bila kinyongo: vitambaa vile vimepigwa pasi vizuri kuliko chochote nilichowahi kuvaa, na usiku kiyoyozi kikizidi nimewahi kujifunika kimoja nikasinzia. Choo ni cha wafanyakazi, ngazi mbili chini. Ukiwa na gauni refu, nenda kabla ya kuvaa.

Sasa jukwaa. Sauti ya hoteli inatoka kwenye spika za dari, zile zinazotumika kumtafuta mwenye gari lililozuia njia. Meneja wa vyakula na vinywaji atakuambia zinatosha. Hazina besi kabisa, na sauti inatoka juu ya kichwa cha mteja wakati wewe uko mbele yake, basi anakutazama mdomo bila kuelewa kwa nini wimbo haumgusi. Tulileta spika zetu mbili za mguu. Zulia ni nene na dari iko chini, hivyo sauti nyembamba zinamezwa. Mwenzangu anapandisha kidogo sauti za juu kwenye miksa na anapunguza mwangwi karibu wote. Ukiacha mwangwi kama wa ukumbi wa harusi, maneno yanageuka uji.

Umeme ndio ulionitoa machozi, na nasema machozi kweli. Soketi ya upande wa kushoto wa jukwaa haina waya wa ardhini. Ukishika stendi ya maiki huku mdomo umegusa maiki, unapigwa shoti ya midomo, ndogo, ya kukuharibia beti tu. Niliripoti. Fundi wa zamu ya mchana akasema soketi ni nzima. Fundi wa zamu ya usiku, mzee mpole asiyependa maneno mengi, alikuja na tesa, akaniambia, "Mwanangu, mchana huwa hawaimbi," akatuvutia waya kutoka baa. Kama kuna mtu wa kumletea zawadi ya sikukuu katika hoteli ile, ni yeye.

Halafu kuna kukatika. Umeme wa TANESCO ukienda, jenereta linachukua sekunde chache kushika. Sekunde hizo taa zinazimika, kinanda kinazimika, maiki zinazimika. Mashine za kamari hazizimiki, kwa sababu zimefungwa UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Gizani unaziona zote zinawaka na kuzunguka, mtu anaendelea kubonyeza, na wewe umesimama katikati ya kiitikio bila kitu. Kinanda kikirudi hakirudi kilipoishia. Kinaanza kuwaka upya, kinapakia midundo kutoka kwenye flashi, na muda huo wote naimba kwa koo tupu mwenzangu akipiga makofi. Wateja wengine hudhani ni madoido na hushangilia. Tuliomba tuunganishwe kwenye UPS ya mashine. Jibu lilikuwa kwamba ile ni kwa ajili ya vifaa vya biashara. Tukaenda Kariakoo tukanunua UPS ndogo ya kompyuta, nzito ajabu, nayo ikaingia kwenye daftari la mlinzi.

Wanamuziki, someni hapa hata mkiruka pengine. Mashine za kamari zinalia usiku kucha, na nyingi hutengenezwa zilie katika ufunguo wa C meja, ili zikiwa hamsini pamoja zisigombane. Haziwagombanishi wachezaji, zinagombana na wewe. Sauti yangu inakaa vizuri katika E flati, na nyimbo zetu nyingi za zamani za rumba tumezipanga hapo. Usiku wa kwanza nilihisi naimba nje ya ufunguo ingawa mwenzangu alikuwa ananitikisia kichwa kwamba niko sawa. Nilikuwa sawa. Ni ile nota ya E, iliyo ndani ya C meja ya mashine, iliyokuwa inasuguana na E flati yangu kila mtu akishinda. Tulipotambua, tukahamisha karibu kila kitu: nyimbo za haraka tukazipandisha F, za taratibu tukazishusha C. Kwenye kinanda ni kitufe kimoja. Kwenye koo si kitufe. F ikifika saa sita usiku, ndani ya baridi ya kiyoyozi na moshi wa sigara, ina gharama yake, na nimeanza kubeba chupa ya maji ya tangawizi. Lakini sasa mashine zinatuitikia, na mtu akishinda katikati ya wimbo wa C inasikika kana kwamba tumepanga. Mwenzangu hufurahi kuliko mshindi.

Kuhusu tunachotakiwa kuimba, mkataba unasema "muziki mchanganyiko wa kimataifa". Kiuhalisia ni nani kakaa baa. Wakija wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaosubiri makontena bandarini, ni rumba mpaka asubuhi, na wanajua maneno kuliko sisi, wanasahihisha Kilingala chetu hadharani. Wakija wazee wetu wa mjini wanataka dansi la miaka ya themanini na wanaitaja bendi ya Mlimani Park kama jirani yao. Watalii wanaotoka mbugani wanataka ule wimbo mmoja wa kuwakaribisha wageni unaojulikana na kila hoteli ya pwani hii, na wakishausikia wanalala. Nyimbo zetu wenyewe tunachomeka mbili, baada ya saa tano, kwa siri kidogo. Leseni ya kupiga muziki hadharani ni jukumu la hoteli, si lenu. Mkiambiwa mchangie, ombeni maandishi muone kama yatakuja.

Wiki ya pili tuliitwa na msimamizi wa kasino. Nilidhani tunapongezwa, maana usiku uliotangulia baa ilikuwa imejaa na watu walisimama kucheza. Akatukaribisha maji. Akasema, kwa adabu kubwa, "Dada, mnaimba vizuri sana. Tatizo ni kwamba watu wanaacha meza." Alitaka tuwe wazuri kiasi. Watu wasikie kuna muziki, waagize kinywaji, warudi kucheza. Alikuwa na takwimu zake kwenye karatasi, mapato ya meza kwa kila saa, na kwenye saa zetu mstari ulikuwa umeshuka. Sijawahi kupewa sifa kubwa namna ile, na ilikuja kama onyo. Tangu hapo tuna mpangilio: wimbo mmoja wa kuinua watu, miwili ya kuwakalisha. Mwenzangu anauita mpangilio wa mstari. Mimi bado unaniudhi, ila nakiri pia kwamba mtu aliyekodi sauti yako ana haki ya kusema anaitaka ya nini. Kama hamliwezi hilo, msisaini. Tafuteni harusi.

Kutunzwa kupo, na kuna sheria zake. Noti mnapokea, dola mnapokea. Kete za kasino msipokee. Mteja mmoja aliyekuwa na bahati alinibandikia kete kifuani kwa mbwembwe, ukumbi ukapiga makofi, na kabla ya wimbo kuisha mlinzi alikuwa pembeni ya jukwaa. Kamera za juu zilishaona. Sisi haturuhusiwi kucheza wala kushika kete, na dirishani hawatupi pesa. Ilibidi mteja mwenyewe aende akaibadilishe. Alikwenda, na njiani akakutana na meza ya ruleti. Nikaiona kete yangu ikiwekwa kwenye nyekundu. Ikatoka nyeusi.

Mapumziko ni dakika thelathini, na wakati huo hamtakiwi kuonekana baa wala mapokezi. Tunakaa ngazi za dharura pamoja na wahudumu na wachezeshaji wa karata waliotoka zamu, wamevua viatu. Hapo ndipo nimeijua hoteli: nani anafukuzwa, nani ameposwa, nani kachoka. Wachezeshaji wana mkono wa mazoea. Hata akipokea kikombe cha chai anafungua viganja kwanza kuonyesha havina kitu, kama wanavyofanya wakiondoka mezani mbele ya kamera, halafu anacheka mwenyewe. Chakula kipo kantini, wali na maharage na mchicha, kitamu, ila kantini inafungwa saa tatu, saa ileile tunayopanda jukwaani. Mama wa kantini alituwekea sahani mbili zilizofunikwa bila kuulizwa. Kwenye mkataba hakuna chakula. Yeye ndiye chakula.

Malipo sasa. Wametulipa Sh 180,000 kwa usiku kwa wote wawili, ankara mwisho wa mwezi, na malipo ndani ya siku thelathini, zinazotembea taratibu kuliko siku thelathini za kawaida. Watataka TIN, yaani namba ya mlipakodi, na usajili wenu wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kabla ya hundi ya kwanza. Watakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, na hilo ni halali. Mnachopaswa kudai ni hati ya zuio, maana bila hati TRA haitajua kwamba mmeshakatwa. Yule dada wa uhasibu anatoa hati ukimfuata mwenyewe, asubuhi, si Ijumaa. Pesa zimekuja zote. Zimechelewa, lakini zimekuja, na nimeimba kwenye kumbi za fahari zaidi ambako hadi leo naambiwa bosi amesafiri.

Kinachozila ni usafiri. Tunamaliza saa saba usiku. Mimi nakaa Kimara, mwendokasi umeshalala, na huwezi kupanda bodaboda na kinanda, spika mbili na UPS. Gari la kukodi linakula sehemu ya usiku huo, na dereva akiona spika anaongeza. Hoteli ina basi dogo linalowarudisha wafanyakazi, linapita Morogoro Road, lina nafasi. Tumeliomba kwa mdomo na kwa barua. Wasanii si wafanyakazi, tukajibiwa. Yuko mama mmoja wa dobi anayepanda basi lile kila usiku na kunipungia dirishani.

Wametuita tena kwa msimu ujao. Tumejibu kwa ukurasa mmoja: basi au nauli, sahani mbili saa mbili na nusu, komeo la ndani la mlango wa ghala, soketi yenye waya wa ardhini. Juu ya pesa hatukugusa. Meneja amekubali chakula na komeo, suala la basi anasema analipeleka kwa wakubwa, na soketi amesema ni nzima.