Vifaa vya kusikia vyenye sauti ya kutuliza mlio wa masikio: uzoefu wangu

Naanza na jibu kwa wale wasio na muda wa kusoma yote: mlio haujaisha. Hata sasa naandika nausikia, ule ule mwembamba wa "siiiii" masikio yote mawili. Ila nalala, nafanya kazi, nasikia watu wakiongea na masaa mengi yanapita sijaukumbuka kabisa, na kwa mtu aliyekuwa anaogopa usiku uingie maana nyumba ikitulia tu ndo mlio unapanda, hiyo ni nafuu kubwa mno. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu aliyevitumia hivi vifaa anieleze ukweli nilikuta ama matangazo ya dawa za miujiza ama watu waliokata tamaa, na mtu mwenye hali hii akisoma vitu vya hivyo saa nane usiku anazidi kuumia.

Nilivyochukua mimi ni vile vya kukaa nyuma ya sikio, vina waya mwembamba unaoingia sikioni, mwishoni kuna spika ndogo sana na kofia laini ya mpira yenye matundu, sio vile vya kuziba sikio lote. Vinafanya kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya siku zote, kukuza sauti ambazo sikio halizipati vizuri. Ya pili ni kutoa sauti yake chenyewe, mawimbi ya bahari, mvua, au mvumo tu wa "shhhh" usio na mwanzo wala mwisho, unachagua mwenyewe kwenye simu na kupandisha au kushusha. Wauzaji wanaipigia debe sana hii ya pili. Mimi naona ile ya kwanza ndo iliyonisaidia zaidi na nitaeleza kwa nini.

Lakini kabla ya kununua chochote upimwe kwanza, na nikisema kupimwa simaanishi mtu kukumulika na tochi dakika moja halafu anakuandikia matone. Daktari wa masikio, pua na koo aliangalia kama kuna nta imeganda, maana nta peke yake inaweza kuleta mlio na ikitolewa mlio unaondoka, akaangalia ngoma ya sikio, akaweka kifaa kinachopima kama ngoma inacheza vizuri au kuna maji nyuma yake. Akaniuliza kuhusu presha, kizunguzungu, kama nasaga meno usiku na kama taya inauma, kwa sababu kiungo cha taya kiko jirani kabisa na sikio na kikiwa na shida watu wengine wanasikia mlio unaobadilika wakifungua mdomo. Halafu akataka kujua dawa zote nilizowahi kutumia. Hapo nilishangaa kidogo, sikujua kwamba sindano za antibiotiki kama gentamicin na streptomycin zinaweza kuharibu sikio la ndani moja kwa moja, na cisplatin inayotumika kwa saratani pia, halafu kwinini na aspirini ya dozi kubwa zinaleta mlio ambao mara nyingi unaisha ukimaliza dawa. Ila tafadhali sana usije ukaacha dawa uliyoandikiwa kwa sababu umesoma hapa, mwambie daktari wako kwanza yeye ndo ajue cha kubadilisha.

Kisha nikapelekwa kwa mtaalamu wa usikivu. Unakaa kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, unavaa hedifoni, ukisikia mlio hata kama ni mdogo kiasi gani unabonyeza kitufe, wanaanza na sauti nene za hezi 250 kupanda hadi nyembamba za hezi 8000. Kwa mtu mwenye mlio wake kichwani hiki kipimo kinachosha, wakati mwingine hujui hii ni ya mashine au ni yangu, na pale walikuwa wavumilivu, walitumia milio ya kukatika katika ili niitofautishe na wa kwangu. Kwa hilo nawapa alama zote. Grafu yangu ilikuwa nzuri mwanzoni halafu kwenye hezi 4000 ikadidimia kama shimo, na yule dada mtaalamu akaniambia bila kuniuliza, "wewe umekaa na kelele sana". Kweli kabisa, kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa karibu na mashine zinazounguruma.

Alinieleza hivi na nadhani kila mwenye mlio anapaswa kuelezwa hivi. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti, za binadamu zikifa hazioti tena. Zikipungua, ubongo unakosa taarifa za zile sauti nyembamba, basi unajiongezea volyumu wenyewe, kama mtu anayefungulia redio hadi mwisho kwa sababu stesheni haishiki, na anachosikia ni mvumo wa redio yenyewe. Kwa hiyo mlio wangu hautoki sikioni sana kama nilivyodhani, unakuzwa juu huko kichwani. Na ndo maana mtu anaweza kuhangaika na matone ya sikio mwaka mzima asipate kitu, matone hayafiki huko.

Akaongeza kitu kilichonitoa hofu kuliko vyote. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye usikivu wa kawaida kwenye chumba cha kimya kabisa, na asilimia 94 wakasema wanasikia sauti fulani masikioni. Yaani ukimpeleka karibu mtu yeyote kwenye ukimya wa kutosha, ubongo wake utamtengenezea kitu cha kusikia. Kuanzia siku hiyo nikaacha kukimbilia chumba kimya nikidhani napumzisha masikio.

Sasa vifaa vyenyewe. Siku za mwanzo sio rahisi, niseme ukweli. Sauti yako mwenyewe inakurudia kama unaongelea ndani ya pipa, karatasi zikikunjwa zinakata masikio, upepo ukipiga unasikia mngurumo, na ukiweka mkono karibu na sikio kinapiga filimbi. Kofia yenye matundu inapunguza ile ya kujisikia ndani ya pipa, kama umewekewa iliyoziba na una usikivu mzuri wa sauti nene uliza kama unaweza kubadilishiwa. Yale mengine ubongo unazoea mwenyewe kadri unavyovaa, na hapa ndo wengi wanaharibu, anavaa nusu saa anavua, kesho hagusi, halafu anasema havifanyi kazi. Vinataka kuvaliwa mchana kutwa.

Nilivyoanza kuvizoea ndo nikagundua kitu. Mchana nikiwa nimevaa bila hata kuwasha yale mawimbi, mlio ulikuwa unafifia. Sauti za feni, ndege, nyayo, vile vitu vidogo vidogo ambavyo nilikuwa sivipati tena vilirudi, na ubongo ukawa na kitu kingine cha kushughulika nacho. Na sio hilo tu, nilikuwa nachoka sana kwenye maongezi ya watu wengi kwa sababu ya kukazana kusikia, na nilikuwa nalaumu mlio kwamba ndo unanizuia kusikia watu, kumbe ni usikivu wenyewe uliopungua. Uchovu ulipopungua mlio nao ukapunguza makali. Kwa hiyo ukiniuliza nini nililipia, nililipia kukuziwa sauti. Mawimbi ni nyongeza.

Mawimbi nayo yana namna yake. Kosa ambalo mtu yeyote atashawishika kulifanya ni kupandisha hadi mlio ufunikwe wote usisikike. Unapata raha kwa muda, ukizima unaukuta pale pale na wewe unaushtukia upya. Nilivyoelekezwa ni uweke chini kidogo ya mlio, uwe bado unausikia kwa mbali umechanganyika na ile sauti, ili ubongo ujifunze kwamba huu mlio sio hatari, unaweza kuupuuza. Wazo hili linatokana na kazi za Pawel Jastreboff, aliyeanza kulieleza mwaka 1990, kwamba shida kubwa sio ukubwa wa mlio bali ile hofu na hasira iliyofungamana nao. Mimi naliamini kwa sababu nimeliona kwangu, wakati wa msongo wa mawazo mlio ni ule ule ila unauma zaidi. Sauti ya bahari sikuipenda, inapanda na kushuka, ikishuka mlio unachomoza, nilibaki na mvumo wa "shhhh" na mvua.

Vinavyokera: programu ya simu inapoteza mawasiliano na sikio moja mara kwa mara na inabidi uzime uwashe. Kichujio cha nta kinaziba na sauti inakatika, ukiwa hujui utadhani kifaa kimekufa, kumbe ni kubadilisha kichujio tu. Jasho sio rafiki. Na usiku unavivua kwenda kuchaji, wakati usiku ndo penyewe, kwa hiyo usitegemee vifaa hivi pekee kwa usingizi, weka sauti ndogo chumbani, feni au spika ya pembeni ya kitanda yenye mvua inatosha kabisa.

Kipande kingine cha huduma ambacho wengi wanakikataa ni yale mazungumzo na mwanasaikolojia. Nilipoambiwa niende nilijisikia vibaya, nikaona kama wanasema mlio ni wa kuwazia tu. Sio hivyo. Hii tiba ya kubadili mawazo na tabia haipunguzi mlio hata kidogo na hawakudanganyi kwamba inapunguza, inafanya kazi kwenye lile jambo la "sitalala tena maisha yangu", unafundishwa kulikamata wazo kabla halijakubeba. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unaipendekeza tiba hii kwa wanaosumbuliwa sana, na huo huo unasema wasipendekeze ginkgo (dawa ya majani ya mti), zinki wala melatonini kwa ajili ya mlio. Uingereza nao mwaka 2020 walisema betahistine, dawa ya kizunguzungu, isitolewe kwa mlio peke yake. Nataja haya kwa sababu ni vitu hivyo hivyo tunavyouziwa kila siku. Na ile mishumaa ya kuwasha sikioni achana nayo kabisa, haivuti nta, inachoma watu na nta yake ya moto inaweza kudondokea kwenye ngoma.

Walinipima pia kwa maswali 25, unajibu ndiyo, wakati mwingine au hapana, kuhusu usingizi, hasira, kazi, kukata tamaa, jumla ni kati ya 0 na 100. Mwanzoni nilikuwa kundi la waliolemewa sana, niliporudia baadae nilikuwa kundi la chini. Lakini ukubwa wa mlio wenyewe, walipoulinganisha na sauti za mashine, ulikuwa karibu pale pale. Nadhani vipimo hivyo viwili vinaeleza hali yangu vizuri kuliko nyota zozote nitakazoweka.

Nani avichukue basi? Kama una mlio na kipimo kinaonyesha usikivu umepungua, hata kama wewe unajiona unasikia sawa, jaribu, kwa moyo wote nakwambia jaribu. Kama usikivu wako ni mzima kabisa sioni sababu ya kulipia vifaa vya kukuza sauti, spika ya kitandani na yale mazungumzo vitakufaa zaidi. Kuna pia kifaa kinachochanganya sauti na mishtuko midogo ya umeme kwenye ulimi, kinaitwa Lenire, kiliruhusiwa Marekani Machi 2023, ni njia tofauti na hii yangu.

Na kuna watu hawatakiwi kusoma maoni ya bidhaa sasa hivi, wanatakiwa kwenda hospitali. Usikivu ukipotea ghafla, umeamka husikii upande mmoja, nenda siku hiyo hiyo, kuna dawa za steroidi zinazosaidia zikianzwa mapema na kila siku unayosubiri nafasi inapungua. Mlio unaodunda pamoja na mapigo ya moyo unahitaji kuangaliwa mishipa ya damu. Mlio wa sikio moja tu, hasa kama na usikivu wa upande huo unashuka, daktari huenda akataka picha ya MRI kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu, na uvimbe huo kwa kawaida sio saratani kwa hiyo usiogope kipimo. Mlio na kizunguzungu kinachozungusha chumba na sikio kujaa, hapo wanafikiria ugonjwa wa sikio la ndani unaoitwa Ménière, una matibabu yake.

Walio bado kwenye kelele, hesabu ya muda wa kukaa nayo kwa siku ni hii: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 ni masaa 8, kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, 88 ni masaa 4, 91 ni mawili, ukifika 100 ni dakika 15 tu. Vaa kinga ukiwa kwenye kelele, na usivae kinga hizo ukiwa sehemu tulivu maana ukimya utaukuza mlio.

Ukienda kuchukua vya kwako omba kipindi cha kujaribu kwa maandishi, uliza kama kurudi kurekebishiwa kumo kwenye malipo au unalipia kila mara, na usikubali kukabidhiwa siku ya kwanza ukaachwa. Vya kwangu vilikaa sawa baada ya kurekebishwa zaidi ya mara moja, na kila niliporudi nilikuwa nimeandika kwenye simu sauti gani inaumiza, wapi, saa ngapi. Hayo maandishi ndo huyo mtaalamu alikuwa anayatumia kuliko kitu kingine chochote nilichomwambia.