Magnesiamu glisineti kwa miguu inayowaka usiku: uzoefu wangu wa wiki nane

Kopo ninalolitathmini lina kapsuli 120 za magnesiamu glisineti, yaani magnesiamu iliyounganishwa na glisini, kila kapsuli ikiwa na miligramu 100 za magnesiamu yenyewe. Nimelitumia wiki nane kwa maumivu ya neva kwenye nyayo: kuwaka moto, kuchomwachomwa kama na sindano, na ule mshtuko kama wa umeme unaompata mtu akishajilaza. Mishtuko ya usiku imepungua waziwazi, na mashavu ya miguu hayakazi tena kama mwanzo. Moto umepungua kidogo. Ganzi haikuguswa hata chembe. Kwa hiyo naipa nyota tatu kati ya tano, na nyota mbili zilizobaki nimezizuia kwa sababu za msingi.

Neva inayouma hupitisha ishara kwenye uti wa mgongo kupitia vijilango maalumu, na magnesiamu hukaa ndani ya vijilango hivyo kama kizibo. Ikipungua mwilini, vizibo vinalegea na ishara ndogo inafika kwenye ubongo ikiwa kubwa. Hapo ndipo matumaini ya kidonge hiki yanapotoka. Lakini kutuliza kelele za neva si kuitengeneza neva iliyokufa. Ganzi ni dalili kwamba nyuzi za neva zimeharibika au zina njaa ya kitu kingine, na anayenunua magnesiamu ili ganzi iishe atamaliza makopo matatu bila kuona badiliko.

Ushahidi wa kitabibu nao ni mwembamba, na muuzaji hatakuambia. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2011 uliwapa wagonjwa wa maumivu ya neva magnesiamu ya kumeza kwa wiki nne, wengine wakapewa kidonge kitupu. Ukali wa maumivu haukutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Hata kwa misuli inayokaza usiku, uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, umeona kwamba kwa wazee faida yake ni ndogo mno. Anayenufaika zaidi ni yule ambaye kweli ana upungufu: mwenye kisukari ambaye sukari haijatulia, maana magnesiamu hutoka na mkojo, anayetumia dawa za kukojoza kama furosemaidi au haidroklorothiazaidi, mnywaji wa pombe wa muda mrefu, na aliyekaa mwaka na zaidi kwenye omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Kuhusu omeprazoli na jamii yake, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari mwaka 2011 kwamba zinaweza kushusha magnesiamu kwenye damu.

Sasa lebo, maana hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea. Uzito wa chumvi, yaani magnesiamu pamoja na kile ilichounganishwa nacho, si uzito wa magnesiamu yenyewe. Oksaidi ina magnesiamu asilimia 60 ya uzito wake, sitreti karibu 16, glisineti 14, kloraidi 12, na salfeti, yaani chumvi ya Epsom ambayo wazee huiita haluli ya chumvi, asilimia 10 tu. Kopo likiandika "magnesium glycinate 500 mg" bila maelezo zaidi, unachopata ni miligramu 70 za magnesiamu. Tafuta neno "elemental", au jedwali linaloonyesha "magnesium" peke yake pamoja na asilimia ya mahitaji ya siku. Kisha tazama idadi ya kapsuli inayohesabiwa kuwa dozi moja. Makopo mengi huandika 300 mg kwa herufi kubwa mbele, na nyuma kwa herufi ndogo unakuta ni kwa kapsuli tatu.

Kuna hesabu nyingine inayofichua udanganyifu bila maabara. Ili upate miligramu 100 kutoka glisineti tupu unahitaji unga wa miligramu 700 hivi, na huo unajaza kapsuli kubwa ya namba 00. Kwa hiyo kapsuli moja inayodai ina 400 mg za magnesiamu kutoka glisineti tupu haiwezekani. Ungehitaji karibu gramu 3 za unga. Ukiona dai hilo, ujue oksaidi imechanganywa humo. Watengenezaji waungwana huandika "buffered", yaani imechanganywa na oksaidi, wengine hukaa kimya. Kopo langu hesabu yake inakubali, na kapsuli zake kweli ni kubwa. Mwenye shida ya kumeza atateseka, lakini anaweza kuifungua na kukoroga unga kwenye uji uliopoa. Una uchungu kiasi.

Unaweza pia kuupima unga nyumbani. Mimina kapsuli moja kwenye nusu glasi ya maji ya uvuguvugu, koroga dakika mbili, acha robo saa. Glisineti huyeyuka kwa sehemu kubwa. Oksaidi hutuama chini kama chokaa. Ukungu kidogo usikutishe, kwani vijazio kama silika na magnesiamu stereti haviyeyuki. Stereti hiyo ni kilainishi cha mashine, isihesabiwe kwenye dozi.

Oksaidi si sumu, na bei yake ni ndogo, ila mwili huifyonza kidogo sana. Kinachobaki hukaa utumboni, huvuta maji, na matokeo yake unayajua. Sitreti hufyonzwa vizuri na ni nafuu kuliko glisineti, lakini nayo hulegeza choo. Kwa mtu mwenye choo kigumu, hasa anayetumia amitriptilini kwa maumivu hayohayo ya neva, sitreti ni chaguo bora kuliko kopo langu. Nasema hivyo hata kama tathmini hii si ya sitreti.

Dozi niliyofuata: wiki ya kwanza kapsuli moja, yaani 100 mg, pamoja na chakula cha usiku. Kuanzia wiki ya pili, kapsuli mbili kwa siku, moja na chakula cha mchana na moja na cha usiku. Kugawa kuna sababu: kadiri dozi moja inavyokuwa kubwa, ndivyo sehemu inayofyonzwa inavyopungua, na ziada huishia chooni. Kwa mpango huo kopo la 120 linamaliza wiki nane na kubakiza kapsuli 15. Sikupanda zaidi ya 200. Mamlaka ya chakula ya Ulaya imeweka ukomo wa 250 mg kwa siku kutoka kwenye virutubisho, Marekani 350, na kikomo hicho hakihusu magnesiamu iliyo ndani ya chakula. Choo kikianza kuwa chepesi, rudi kwenye kapsuli moja kwa siku tatu. Usinywe dawa ya kuzuia kuharisha ili uendelee na dozi.

Usipoandika, utajidanganya. Maumivu ya neva hupanda na kushuka yenyewe, na usiku mmoja mzuri humfanya mtu aimbe sifa za kopo. Kabla ya kuanza, andika kwa siku saba alama ya maumivu kutoka 0 hadi 10 kila unapolala, pamoja na idadi ya mishtuko. Endelea hivyo hadi mwisho, na usibadilishe kitu kingine chochote kipindi hicho: si dawa ya maumivu, si viatu, si vitamini mpya. Wastani wangu ulitoka 6 ukafika 4, na mabadiliko hayakuonekana kabla ya wiki ya tatu. Kushuka kwa pointi mbili ndicho kipimo ambacho watafiti wa maumivu wanakihesabu kuwa nafuu ya kweli. Ikifika wiki ya nane na hujafika hapo, acha. Hakuna haja ya kununua kopo la pili.

Sehemu inayonikera zaidi kwenye kopo hili ni onyo lake: mstari mmoja tu, "muulize daktari wako". Mambo ambayo yangepaswa kuandikwa kwa herufi nyekundu ni haya. Figo ndizo zinazotoa magnesiamu ya ziada, na mwenye kisukari cha miaka mingi mara nyingi figo zake zimechoka bila dalili. Pima kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kwanza, na uombe wakukokotolee kiwango cha uchujaji wa figo. Kikiwa chini ya 30, usiiguse bila daktari. Ikirundikana huleta kichefuchefu, misuli kulegea, presha kushuka, mapigo ya moyo kuwa taratibu, na mwisho hata kupumua kunazidiwa. Hospitali hutumia magnesiamu salfeti ya sindano kwa mama mwenye kifafa cha mimba, na muda wote huo muuguzi anapima kano za goti, upumuaji na mkojo. Wanaiheshimu, nasi tuiheshimu.

Pili, magnesiamu hung'ang'ania dawa nyingine tumboni na kuzizuia kuingia kwenye damu. Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegraviri, ambazo ndizo wengi wetu Afrika Mashariki wanapewa sasa, lazima ameze dolutegraviri saa mbili kabla ya magnesiamu, au saa sita baada yake. Kama kidonge chako ni saa mbili usiku, basi magnesiamu ni saa nne usiku au baadaye, au mapema kabla ya saa nane mchana. Kukosea hapa ni hatari kuliko maumivu yenyewe ya miguu, kwa sababu virusi hupata upenyo. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, inafuata kanuni hiyohiyo ya mbili kabla au sita baada. Levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, iachanishwe na magnesiamu kwa muda wa saa nne. Gabapentini, ambayo wagonjwa wengi wa neva wanaitumia, inywe angalau saa mbili baada ya magnesiamu, vinginevyo unapunguza nguvu ya dawa ambayo ushahidi wake ni mkubwa kuliko wa kopo hili.

Tatu, angalia kama kopo limechanganywa na vitamini B6. Langu halina, na hiyo ni sifa. B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu neva na kuleta ganzi ileile unayoikimbia. Ulaya wameshusha ukomo hadi miligramu 12 kwa siku. Vile vidonge vya B1, B6 na B12 vinavyouzwa karibu kila duka la dawa vingi vina B6 ya 100 mg au zaidi kwa kidonge kimoja, na watu huvitafuna mwaka mzima. Ukiongeza magnesiamu yenye B6 juu yake, unajiumiza kwa fedha yako. Anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu ni habari nyingine: yeye anahitaji B6, kwa dozi ndogo atakayopewa kliniki.

Kabla ya yote hayo, sababu ya maumivu ijulikane. Pima sukari. Kama unatumia metiformini, dawa ya kisukari, miaka kadhaa, pima B12, kwa sababu metiformini huipunguza na upungufu wake huleta miguu ya namna hiihii, na ukicheleweshwa madhara hubaki. Kipimo cha magnesiamu kwenye damu kipo, kawaida ni kama 0.7 hadi 1.0 mmol kwa lita, ila chini ya asilimia moja ya magnesiamu ya mwili ndiyo iliyo kwenye damu. Jibu likiwa chini linathibitisha upungufu, likiwa la kawaida halikatai. Na kama ganzi inapanda haraka ndani ya siku chache, mguu mmoja unaburuta, au unashindwa kuzuia mkojo au choo, weka kopo kabatini uende hospitali siku hiyohiyo.

Wauzaji wa kopo hili huambatanisha pakiti ya chumvi ya kulowekea miguu. Mimi siipendekezi kabisa kwa mwenye kisukari. Hakuna ushahidi wa kueleweka kwamba magnesiamu inapita kwenye ngozi kwa kiasi cha kutuliza neva. Kinachotuliza ni ujoto wa maji, na ujoto ndio hatari yenyewe. Mguu wenye ganzi hauhisi maji yanayounguza. Mtu anautoa kwenye beseni malengelenge yameshatokea, kisha kidonda, kisha yale tunayoyajua ya kidonda cha kisukari. Kulowa muda mrefu pia hulainisha ngozi kati ya vidole na kuipasua. Anayeshikilia kuloweka atumie kipimajoto, maji yasizidi nyuzi 37, dakika tano tu, kisha akaushe kila pengo la vidole. Yale yanayoitwa mafuta ya magnesiamu si mafuta, ni maji yenye kloraidi, na huwasha ngozi yenye mikwaruzo.

Uhifadhi: kwenye joto la pwani unga hunyonya unyevu na kapsuli zinashikana. Acha kile kifuko cha silika ndani, kaza kifuniko, usiweke juu ya friji wala karibu na jiko.

Zile kapsuli 15 zilizobaki nazimaliza kwa moja kwa siku, kisha nahamia sahanini. Gramu 28 za mbegu za maboga zilizokaangwa zina magnesiamu takriban miligramu 150, korosho kiasi hichohicho 70 na ushei, kikombe cha mchicha uliopikwa karibu vilevile. Ugali wa dona unabakiza magnesiamu ambayo sembe imeipoteza kinuni, na mgonjwa wa kisukari ana sababu nyingine ya kuuchagua. Kiganja cha mbegu za maboga jioni kinanipa robo tatu ya kapsuli mbili, bila lebo ya kukokotoa, ingawa saa za kuachanisha na dolutegraviri, gabapentini na levothairoksini bado nazifuata kwa kopo lolote litakaloingia nyumbani.