Taa ya tangi la samaki lenye mimea: ununue ipi Nairobi bila kuvunja kibubu

Ingia duka la samaki wa mapambo useme unataka taa ya mimea, na utaletewa kwanza ile yenye picha ya samaki kwenye boksi. Picha hiyo utailipia. Mimea haisomi boksi. Inataka mwanga mweupe wa kiasi, kila siku kwa saa zile zile, na mwanga wa aina hiyo unauzwa Luthuli Avenue kando ya swichi na nyaya kwa bei ya taa ya nyumbani.

Piga hesabu kabla hujatoka nyumbani. Tangi la futi mbili, yaani sentimita 60 kwa 30 kwa 30, linabeba lita 54. Ukipanda mimea isiyo na makuu kama Anubias, Java fern na Cryptocoryne, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 15 hadi 20 kwa kila lita zinatosha, kwa hiyo unahitaji kama lumeni 800 hadi 1,100. LED nzuri hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati. Basi wati 10 hadi 12 zimemaliza kazi. Tangi likiwa na kina cha sentimita 45 au zaidi, ongeza, kwa sababu mwanga hupungua kadiri unavyoshuka majini. Kuhusu rangi, tafuta iliyoandikwa kelvini 6500, mweupe kama wa mchana. Ile ya njano ya 3000 haiui mimea, ila tangi litaonekana kama umelijaza turungi.

Namba moja: taa bapa ya sekuriti. Ni ile ya LED inayofungwa juu ya geti, wati 10 au 20. Mgongo wake wa alumini hupoza joto, mwanga wote unaelekea chini badala ya kutawanyika ukutani, na ikiwa na alama ya IP65 matone ya maji hayaisumbui (kuitumbukiza ni jambo jingine, usijaribu). Yangu ya wati 20 nililipa shilingi 850 baada ya kuvutana kidogo na muuzaji, na nimeininginiza sentimita 30 juu ya maji ili isiwe kali mno. Kataa ya sola, kataa inayojiwasha giza likiingia, na kataa yenye sensa ya mwendo, la sivyo samaki watawashiwa taa kila unapoenda msalani usiku.

Usumbufu wake ni kwamba nyingi huja na waya mtupu, bila plagi. Nunua plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3: waya wa kahawia ni moto, wa buluu ni nyutro, wa kijani na njano ni wa ardhi. Kama rangi hizo zinakuchanganya, mpe fundi wa stima. Waya ukishafungwa, uache uning'inie chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni na lisifike kwenye plagi.

Namba mbili: balbu ya LED ya wati 9 ndani ya taa ya meza. Kwa tangi dogo la lita 20 au 30, naipenda kuliko hata namba moja. Balbu hutoa lumeni kama 800, lakini humwaga mwanga pande zote, kwa hiyo taa ya meza iwe na kofia ya bati. Hakikisha pia kama kishikio ni cha pini au cha kuzungusha. Nimeshawahi kurudi mjini kwa matatu kwa sababu ya kosa hilo.

Namba tatu: tyubu ya LED. Inafaa tangi la futi tatu au nne, kwa kuwa mwanga hufika pembe zote. Tyubu za zamani za floresenti huotesha mimea vizuri tu, ila zina zebaki ndani na mwanga wake hufifia kadiri zinavyozeeka. Ukipewa bure, chukua. Kununua, hapana.

Namba nne: taa ya duka la samaki. Si mbaya. Ina miguu ya kukaa kwenye kioo, na zenye chembe nyekundu, kijani na buluu huwapamba samaki kweli. Ila uliza lumeni, si wati, na muuzaji asipojua, bei ishuke.

Mwisho kabisa ni utepe wa LED wa kubandika na zile taa za zambarau. Gundi ya utepe huachia kwa unyevu. Zambarau huotesha mimea, lakini sebule inageuka kilabu. Niliwahi kuuziwa moja kwa ahadi ya msitu ndani ya mwezi. Niliiwasha saa 12 kwa siku, na nikapata mwani kwenye kila jani la Anubias. Mmea huu, ambao asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, hukua polepole mno, hivyo jani likishashika mwani unalikata tu.

Dukani, omba taa ijaribiwe kwenye soketi ya kaunta, uielekezee kamera ya simu: ikionyesha mistari mizito inayokimbia, inapepesa na itakuchosha macho. Tazama pia stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Chenji inayobaki inunulie taima. Iweke iwashe taa kwa muda wa saa 6 kila siku wiki za kwanza, kisha 7 au 8 mimea ikishika. Taa ya wati 20 kwa saa 7 hutumia yuniti 4.2 kwa mwezi, kwa hiyo tokeni hazitalia. Taima ya kuzungusha husimama stima ikipotea, na baada ya kukatikiwa mara tatu nne tangi litakuwa linawaka usiku wa manane. Ya dijitali yenye betri ndogo ndani huendelea kuhesabu. Kwa mtaa kama wangu, hiyo ya pili.