Korosho Vipande, Karanga na Embe Kavu: Tathmini ya Vitafunwa vya Kuoka Nyumbani

Pakiti za mchanganyiko wa korosho, karanga na matunda makavu zinazouzwa katika maduka makubwa ya Dar es Salaam zina kasoro moja ambayo chumvi na viungo haviwezi kuificha: korosho zake zimelainika. Zabibu na embe kavu, hata zikionekana zimekauka, hubaki na unyevu wa asilimia 15 hivi au zaidi, ilhali korosho iliyookwa vizuri hubaki na asilimia chache tu. Vikifungiwa ndani ya pakiti moja kwa wiki kadhaa, maji huhama taratibu kutoka kwenye tunda kwenda kwenye korosho, mpaka tunda linakuwa gumu la kuumiza meno na korosho inatafunika kama imechemshwa. Mnunuzi hulipia vitu viwili vizuri, akaishia kula viwili vilivyoharibiana.

Kwa sababu hiyo nimeacha kununua pakiti hizo na badala yake nanunua malighafi, naoka mwenyewe, na nachanganya siku ya kula. Tathmini hii inahusu malighafi hizo jinsi zinavyopatikana sokoni, zipi zinastahili bei yake na zipi hazistahili, pamoja na kazi yenyewe ya kuoka, ambayo ni nyepesi kuliko watu wengi wanavyodhani ingawa inahitaji mtu asiyeondoka jikoni.

Nianze na korosho, kwa kuwa ndizo zinazobeba gharama. Korosho zilizobanguliwa hupangwa kwa madaraja, na zile alama zinazoandikwa kwenye maboksi, kama W180, W240, W320 na W450, huonyesha takriban punje ngapi nzima zinaingia katika ratili moja, hivyo namba ikiwa ndogo punje ni kubwa na bei iko juu. Chini ya hizo ziko korosho zilizopasuka katikati, na chini zaidi viko vipande. Mtu anayeandaa sinia la wageni ana haki ya kutaka nzima na nyeupe, lakini anayetengeneza mchanganyiko hana sababu ya kulipia umbo. Vipande vimetoka kwenye mti uleule, vina ladha ileile, vinashika chumvi vizuri zaidi kwa kuwa vina pande nyingi, na bei yake iko chini sana. Tatizo lake ni kwamba vipande vidogo na vikubwa haviivi kwa wakati mmoja, kwa hiyo inafaa kuvichekecha kabla ya kuoka na kuviweka vile vidogo kabisa kando, kwa ajili ya mchuzi au kashata.

Ughali wa korosho una sababu zake. Punje ni kama robo tu ya uzito wa korosho yenye ganda, na ganda hilo lina mafuta makali yanayounguza ngozi, hivyo kubangua ni kazi ya uangalifu mkubwa. Isitoshe, sehemu kubwa ya zao la Mtwara, Lindi na Ruvuma husafirishwa kwenda India na Vietnam likiwa bado na maganda, na kinachobaki cha kubanguliwa hapa nchini ni kidogo kulinganisha na mikorosho tuliyo nayo.

Duka ninalonunua, dogo tu, liko katika moja ya mitaa ya Kariakoo yenye wauzaji wa nafaka na viungo, na lina sifa moja inayolipandisha juu ya mengine: muuzaji hukuachia uonje kabla hajapima. "Vunja mwenyewe, dada, uone ndani," huniambia, naye husogeza gunia lililofunguliwa siku hiyo badala ya beseni la kwenye maonyesho. Ushauri wake ni sahihi. Korosho nzuri isiyookwa ukiipasua katikati kwa kucha ni nyeupe ya maziwa hadi kwenye kiini, haina unga wala vitundu, na ukiinusa ina harufu hafifu ya utamu. Iliyokaa muda mrefu huwa na rangi ya njano katika mpasuo wake, na ukiitafuna huacha kooni ladha inayokaribiana na rangi ya mafuta ya kupaka ukutani. Ladha hiyo haitoki kwa kuoka, na chumvi huizidisha. Nampa muuzaji huyu alama za juu kwa bidhaa, ila nampunguzia kwa vifungashio, kwani mfuko mwembamba wa nailoni anaotumia hauzuii unyevu hata kwa siku mbili za masika. Nenda na mkebe wako.

Karanga zinahitaji uangalifu wa aina nyingine. Ni rahisi, zinapatikana kila mahali, na zile za Dodoma na Tabora zenye punje ndogo na ngozi nyekundu zina utamu ambao karanga kubwa za kutoka nje hazina. Hata hivyo karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa kwa urahisi na ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Joto la oveni ya nyumbani huipunguza kwa kiasi tu, haliiondoi. Kinga ya mlaji ni kuchagua: karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka au yenye vumbi la kijani au kijivu itupwe, na isitolewe kwa kuku. Nilipata kununua kilo mbili katika duka lingine, zikiwa tayari zimemenywa ngozi na kupakiwa vizuri kwa mfuko unaong'aa, na nilipozimwaga kwenye ungo nikatupa karibu robo. Tangu hapo nanunua zenye ngozi yake, na ikiwezekana zenye maganda, kwa sababu ngozi ya karanga husema ukweli kuhusu kilichomo ndani, na iliyomenywa mapema huficha mengi.

Lozi zinauzwa kwa bei ya kuumiza na kwa mchanganyiko wa kila siku sioni kinachozihalalisha. Wasomaji wa Kenya wana bahati ya makadamia zinazolimwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambazo zikipatikana kwa bei nafuu zinaweza kuchukua nafasi ya korosho kabisa, mradi ziokwe kwa moto mdogo zaidi, maana karibu robo tatu ya uzito wake ni mafuta na huungua ghafla.

Kuhusu kuoka: oveni ya nyuzi 150 za Selsiasi inatosha, hata kama maelekezo mengi hutaka 180. Kwa moto huo mdogo, vipande vya korosho vilivyotandazwa safu moja kwenye sinia huiva ndani ya dakika 12 hadi 15, na karanga zenye ngozi huchukua 20 hadi 25, kwa hiyo visiwekwe pamoja katika sinia moja hata kama una haraka. Geuza kila baada ya dakika tano. Usisubiri zifikie rangi unayoitaka, kwa kuwa joto lililomo ndani huendelea kupika kwa dakika kadhaa baada ya sinia kutoka. Toa korosho moja, ipasue, na ukiona ndani imeanza kuwa na rangi ya sukari guru iliyopauka, zima. Itakuwa laini bado mdomoni wakati huo, jambo linalowatisha wengi wakairudisha motoni na kuiunguza. Ikipoa itavunjika kau.

Asiye na oveni hana anachokosa. Wauza karanga wa mitaani hukaanga kwa mchanga au chumvi ndani ya karai, na ukweli ni kwamba karanga zao huiva kwa usawa kuliko zangu za oveni, kwa sababu chembe za moto huzunguka punje pande zote. Nyumbani, chumvi ya mawe kilo moja ndani ya sufuria nzito hufanya kazi hiyohiyo: ipashe moto mpaka iwe inawaka mkononi ukiisogelea, mimina karanga, koroga bila kusimama, kisha chekecha. Chumvi hiyo haichakai upesi na unaweza kuihifadhi kwa mara nyingine. Kwa vipande vya korosho njia hii haifai, kwani chumvi huingia kwenye mipasuko na kuzifanya chungu.

Chumvi ya kula ndiyo sehemu ambayo pakiti za dukani hushindwa vibaya. Hunyunyiziwa juu ya mafuta, na mwisho wake chumvi yote inakaa chini ya mfuko. Njia bora ni hii: yeyusha nusu kijiko cha chai cha chumvi katika vijiko viwili vya mezani vya maji yanayochemka, na mara tu korosho zinapotoka kwenye oveni zimimine ndani ya bakuli la bati, nyunyiza maji hayo, na koroga haraka. Utasikia yakilia yanapogusa korosho, mvuke utapanda, na katika muda mfupi kila punje itabaki na vumbi jeupe jembamba la chumvi lisilobanduka. Zirudishe katika oveni iliyozimwa kwa dakika tano zimalize kukauka. Ukitaka viungo, pilipili manga na bizari nyembamba iliyosagwa vichanganywe na maji hayohayo ya chumvi. Pilipili ya unga iongezwe mwisho kabisa, nje ya moto, la sivyo jikoni hakutakalika.

Sasa matunda. Hapa ndipo nilipokuwa na matarajio makubwa na sokoni nikakuta mchanganyiko wa mazuri na ya hovyo. Embe kavu huuzwa kwa sura mbili. Ya kwanza ni nyororo, yenye rangi ya chungwa inayong'aa, na mara nyingi imelowekwa kwenye sukari kabla ya kukaushwa. Ni tamu mno na hunata kwenye kila kitu. Ya pili ni ya hudhurungi, ngumu kidogo, imekunjamana, haina cha kuongezwa, na mtu asiyeijua angedhani imeharibika. Hiyo ya pili ndiyo ya kununua. Ina uchachu unaokata mafuta ya korosho, na kwa kuwa ni kavu zaidi inahamisha unyevu kidogo. Bei yake huonekana kubwa mpaka ukumbuke kwamba zaidi ya asilimia 80 ya nyama ya embe ni maji, na kwamba mkaushaji ametupa pia kokwa na ganda. Ikatwe kwa mkasi vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Vikubwa zaidi ya hapo mlaji huvichagua na kuacha karanga peke yake.

Nanasi kavu lina ladha nzuri sana lakini nyuzi zake hukwama menoni, na zabibu kavu zinafaa, ila zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kwenye sinia juani kwa saa chache, kwa kuwa nyingi huja na vijiti na mchanga. Tende, kwa heshima zote kwa mwezi mtukufu na kwa ndugu zetu wa Oman, siziweki. Nyingi ni laini na zenye asali nyingi, hugeuza mchanganyiko kuwa bonge, na mahali pake ni pembeni ya kikombe cha kahawa chungu. Ubuyu nao nimeshauriwa mara nyingi kuujaribu, na nitaendelea kukataa: rangi yake nyekundu ingepaka kila korosho iliyopo. Kitu kimoja ambacho hakimo katika pakiti nyingi na kinastahili kuwemo ni nazi iliyokatwa vipande vyembamba kwa kisu cha kumenyea, ikaokwa kwa dakika saba hivi mpaka kingo zake zikawa kahawia. Inakauka kama korosho, haina unyevu wa kuambukiza wenzake, na harufu yake peke yake inatosha kuwaita majirani.

Kipimo ninachopendelea ni gramu 400 za korosho vipande, 250 za karanga, 80 za nazi, 150 za embe na 80 za zabibu. Kwa bei za sokoni, kilo moja ya namna hii hunigharimu pungufu ya kilo ya pakiti zilizo tayari, pakiti ambazo mara nyingi karanga ndizo zimejaa na korosho ni za kutafuta. Anayenunua korosho nzima za W240 hataona nafuu hiyo.

Watoto chini ya miaka mitano wasipewe korosho na karanga zikiwa nzima, kwani zinaweza kuwakaba, wasagiwe. Na kabla ya kufunga zawadi ya mtu mwingine, muulize kama kuna mwenye mzio wa karanga au korosho nyumbani kwake.

Uhifadhi ndio unaoamua kama kazi yote ilikuwa na faida. Acha kila kitu kipoe kabisa, kwa sababu mvuke wa korosho za moto ukifungiwa hurudi kuzilowesha, kisha weka korosho, karanga na nazi katika chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, na matunda katika chupa nyingine. Changanya kiasi cha kuliwa siku hiyo tu. Kwa hali ya hewa ya Pwani, korosho hukaa wiki mbili hadi tatu zikiwa bado kavu, na zikianza kulegea wakati wa mvua, dakika tano kwenye oveni ya nyuzi 120 huzirudisha, mara moja. Ukirudia mara ya pili, mafuta yake huanza kubadilika ladha, kwa hiyo ni heri kuoka kidogo kila baada ya wiki kuliko kujaza ndoo.