Boksi la kujipima Ukimwi kwa mate: maoni ya fundi cherehani wa Malindi

Nianze na bei, maana ndiyo wanayoniuliza shoga zangu kabla ya salamu: shilingi 450. Duka la dawa lenyewe liko njia ya kwendea sokoni na jina lake sitalitaja, mtajua kwa nini. Kwenye vituo vya serikali kipimo cha virusi ni bure, tena unapimwa na mtu aliyesomea. Kwa hiyo hiyo 450 si bei ya kupimwa, ni bei ya kutoonekana. Na Malindi hii, ambako ukipanda tuktuk Maweni hujafika Shela dereva ameshamjua babu yako, kutoonekana kuna thamani. Sitamcheka anayelipa.

Sasa sababu ya kulinunua. Nimeachika, nina watoto wawili, nashona madera na kanzu kwa kujitegemea. Kuna mtu. Tumekuwa tukizungumza tangu kaskazi ilipoanza kuvuma, na usiku mmoja mazungumzo yakapita maneno. Tulibusiana, busu la watu wazima. Mikono ilitembea. Nguo za ndani zilibaki mahali pake na hakuna kilichoingia popote. Naeleza waziwazi hivi, mtanisamehe, kwa sababu bila maelezo haya hakuna anayeweza kukwambia kama una la kuogopa au huna.

Siku ya pili shoga mmoja akaniletea habari kwamba bwana huyo msimu uliopita alikuwa akionekana na Mtaliano mmoja kule Casuarina. Basi, koo likaanza kuwasha. Mahali ninaponyoa pakatoka kipele. Nikawa najifungia chooni na tochi ya simu, ulimi nje, natafuta madoa meupe. Nilimeza mate kutwa nzima kuangalia kama koo bado linauma, na koo linalomezwa hivyo kutwa haliwezi kuacha kuuma. Usiku nasoma kwenye simu dalili za magonjwa ambayo hata kuyatamka siwezi, na kila dalili ninayoisoma naipata kabla ya kufika mwisho wa sentensi.

Haya, duka. Kijana muuzaji ana adabu, hilo nampa. Hakupaza sauti, akanifungia boksi kwenye karatasi ya kaki kama pedi zinavyofungwa. Lakini maboksi hayo yamepangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la alasiri, sambamba na krimu za uso, na ubavuni mwa boksi imeandikwa lihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30. Mwezi wa tatu Malindi, kusi haijaja, hata kivulini tunapita 30. Nikamuuliza, "Hiki kitanijulisha habari ya wiki hii?" Akajibu bila kupepesa, "Dada, hiki ni cha kisasa, dakika 20 tu ushajua." Kisha akaniwekea mezani na pakiti ya vidonge, antibiotiki, eti "za kusafisha", na hajaniuliza nimefanya nini, na nani, wala kama nina mimba. Vidonge nikamrudishia.

Nilipofika nyumbani nikafungua karatasi ya maelezo, na hapo ndipo boksi lilipoanza kunipendeza. Ina picha za kila hatua, maandishi yanasomeka, na imesema wazi: kipimo hiki hakiwezi kuonyesha maambukizi ya karibuni. Subiri miezi mitatu tangu siku unayoitilia shaka. Yaani karatasi ya ndani ya boksi imemkanusha aliyeniuzia boksi. Dakika 20 ni muda wa kungoja jibu, na jibu hilo ni la mambo yaliyopita zamani. Ya juzi kipimo hakiyaoni. Wasiosoma karatasi hujipima asubuhi ya pili, wakaona hawana, wakafurahi kwa furaha isiyo na msingi, au wakaja kununua jingine wiki ijayo, na jingine.

Mimi nikalitia boksi mkobani nikaenda kwa mshauri nasaha wa kituo cha afya.

Kasoro za huko kwanza. Chumba kimeandikwa mlangoni kwa herufi ambazo mtu aliye ng'ambo ya barabara anazisoma, na benchi la kungojea limeelekea dirisha la dawa, wapitao wote wanakuona. Niliketi nimejifunika ninja, yamebaki macho, na bado mama mmoja wa kliniki ya watoto akaniamkia kwa jina. Siku ya chanjo foleni ni ndefu. Kiti cha ndani kimelegea mguu. Nimemaliza kulalamika.

Mshauri ni mama wa makamo, wa Kigiriama, ana miwani ya kamba. Hakuanza na damu wala sindano. Alianza na maswali, na aliniuliza kama fundi anavyochukua vipimo, haruki bega kwenda kiunoni. Kilichogusa nini? Kulikuwa na damu? Vidole vilikuwa na kidonda? Majimaji yake yalifika wapi? Mwenzio alikuwa na kidonda mdomoni? Nilidhani nitazimia kwa haya. Yeye akawa anaandika tu, kama mtu anayepokea oda ya sare za shule.

Kisha akasema, "Mwanangu, kwa uliyonieleza, virusi vya Ukimwi havikupata njia." Akafafanua kwamba virusi hivyo husafiri kwa damu, shahawa, majimaji ya ukeni, ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama, na lazima yafike mahali laini pa ndani ya mwili au yaingie kwenye damu. Mate hayaambukizi. Ngozi nzima haipenyeki. Nikamuonyesha boksi, nikamwambia lakini mama, hiki chenyewe kinapima mdomoni, si ina maana virusi viko mdomoni? Alicheka, akasema swali hilo huulizwa kila mara. Kijiti kile hakitafuti virusi. Kinatafuta kinga ambazo mwili wa aliyeambukizwa umezitengeneza dhidi ya virusi, nazo huvuja kidogo kwenye fizi. Ndiyo maana inachukua muda kuonekana, mwili lazima kwanza uzitengeneze. Kwa maoni yangu maneno hayo yangefaa kuchapwa juu ya boksi kwa rangi nyekundu, maana kipimo cha mdomoni chenyewe kinatia watu hofu ya busu.

Hakunidanganya kwamba busu halina kitu kabisa. Malengelenge ya mdomoni hupita kwa busu, na watu wengi mno wanayo tangu utotoni, walibusiwa na shangazi. Kaswende inaweza kupita kama mwenzio ana kidonda chake mdomoni. Virusi vya HPV, vile vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, hupita kwa kugusana ngozi za sehemu za siri. Akaniambia nikiona kidonda kisichouma, mara nyingi huwa kama wiki tatu baadaye ingawa kinaweza kuchelewa hadi miezi mitatu, nirudi. Koo akalimulika kwa tochi yake akasema ni la mtu anayekaa mbele ya feni kutwa. Kipele ni cha wembe.

Akanipa na jambo ambalo nataka mlishike hata kama mengine mtayasahau. Ingekuwa kitu kimeingia bila kondomu, au kondomu imepasuka, au mtu ametendewa kwa nguvu, asingenikalisha kwa hadithi. Kuna dawa za PEP, za kuzuia virusi vya Ukimwi visikushike baada ya tukio, zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ni bora, unazimeza siku 28. Mtu wa namna hiyo asihangaike na boksi la dukani. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Nikawa nachukua mkoba wangu niondoke, akaniuliza, "Mara ya mwisho ulipimwa lini?"

Nikamwambia kliniki, nilipokuwa na mimba ya binti yangu. Pale kila mja mzito hupimwa virusi na kaswende. Binti huyo sasa yuko gredi ya pili.

"Na baada ya hapo uliendelea kuishi na mume?"

Niliendelea, miaka. Dereva wa malori ya masafa, na mwishowe ikabainika ana nyumba nyingine barabarani, ndiyo tukaachana.

"Mlitumia kondomu?"

Nikacheka. Kondomu na mume? Yeye hakucheka. Aliweka kalamu chini akaningoja nimalize.

Hapo ndipo nilipoona nilikuwa nikiogopa wapi. Miaka ile yote sijawahi kujimulika koo. Mume alikuwa halali, akirudi safari nampikia wali wa nazi, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba kitandani mwangu mna cha kupima. Limekuja busu la mtu asiye mume wangu, usingizi ukahama. Ninachosema ni kwamba mimi niliisikia aibu nikaiita ugonjwa, na mshauri ndiye aliyezitenganisha. Hakuna kijiti cha 450 kinachoweza kazi hiyo.

"Basi boksi lako lina kazi," akasema. Kwa sababu talaka yangu ina zaidi ya mwaka, kipimo cha leo kinaweza kujibu habari ya ndoa yote. Kuhusu busu hakina la kusema, na busu halikuhitaji kipimo. Akanipima palepale kwa tone la damu kidoleni, na kaswende pia. Akaniuliza umri, akanikumbusha uchunguzi wa mlango wa kizazi, ambao nilikuwa nakwepa, na kwamba binti akifikisha miaka 10 kuna chanjo ya HPV ambayo serikali inaitoa tangu 2019.

Boksi nalo nikalitumia nyumbani, kwani fedha yangu haitupwi. Haya ndiyo maoni kamili. Usile wala usinywe robo saa kabla, na ukipiga mswaki ngoja nusu saa. Unapitisha bapa la kijiti kwenye fizi za juu mara moja, za chini mara moja, ulimi na mashavu hayahusiki. Unakitumbukiza kwenye kichupa chenye maji yake, kinasimama chenyewe kwenye kishikio. Unasoma baada ya dakika 20 na usipitishe 40. Mstari mmoja kwenye herufi C ya kijiti, huna. Miwili, C na T, hata wa T ukiwa hafifu kama uzi uliofifia, nenda ukathibitishiwe kituoni, usijihukumu. Pasipo mstari wa C, kipimo kimeharibika. Anayemeza ARV, dawa za wenye virusi, au PrEP, dawa za kujikinga kabla, asikitegemee. Urahisi wake sina neno, hakuna kujidunga na hakuna damu.

Usahihi ni mzuri ila si wa kufumba macho. Kipimo cha namna hii kiliporuhusiwa Marekani mwaka 2012, majaribio yake yalionyesha kwamba wakijipima wenyewe, takriban mmoja kati ya kila 12 wenye virusi aliambiwa hana. Upande wa pili kinakosea kwa nadra, mmoja kati ya 5,000 wasio na virusi. Kenya vipimo vya kujipima vilizinduliwa 2017, na naona faida yake kubwa ni kwa yule ambaye asingekwenda kituoni kamwe.

Upungufu wake mkubwa ni zile dakika 20. Choo chetu ni kimoja. Mama yangu akaja akagonga, "We mwana, umezama?" Nikajibu nafua. Akasema mbona maji siyasikii. Ukiwa na jibu zito mkononi, peke yako, na mama mlangoni, boksi halina bega la kukulaza. Kuna namba ya kupiga kwenye karatasi, lakini nani atazungumza simu kwa sauti ndani ya choo chenye dirisha la uani?

Majibu ya damu na ya mate yalifanana. Zaidi ya hapo ni yangu na Mola wangu.

Nyota: duka la dawa, moja, nayo ni ya karatasi ya kaki. Boksi, tatu na nusu. Lingepata nne lau lingekaa mahali pa baridi. Mshauri, tano, na benchi lake mbili.

Mkienda kituoni nendeni asubuhi siku isiyo ya chanjo, na semeni mambo kama yalivyokuwa, kwa majina yake. Yule bwana nimemwambia kabla mikono haijatembea tena akapime. Akasema sawa, atapitia dukani anunue boksi. Nimempa siku na nambari ya chumba, na nikamwambia kama anaogopa kuonekana, nina ninja la akiba.