Fundi vioo vya simu wa njia ya Mbuyuni Moshi, nyota 4 (ya tano kaipoteza kwa foleni)

Jamani naomba niwape hii maana nimeteseka vya kutosha. Simu yangu ni ya kioo cha AMOLED, ilidondoka mwezi wa sita nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini (simtaji), akaniwekea kioo kwa elfu 70 nikashukuru mpaka nikamwachia na ya soda. Kufika home fingaprinti ya kwenye kioo haishiki, nyeusi imekuwa rangi ya majivu. Kumrudia ananiambia eti dada simu yako imechoka.

Basi shoga yangu akanielekeza kwa mzee mmoja mwenye kibanda njia ya kwenda soko la Mbuyuni, wateja wanamwita Meku, yuko kwenye kazi tangu enzi za TV za chogo. Simu hakuifungua hata. Alinifunika koti lake kichwani pale kwenye benchi watu wanapita wananishangaa, akasema fungua picha nyeusi tupu uangalie. Kioo kizima kinatoa kamwanga ka kijivu! Akasema umewekewa LCD mwanangu. AMOLED kila kidoti kinawaka chenyewe, penye nyeusi kinazima kabisa, ila LCD ina taa nyuma inawaka muda wote na kioo kinafanya kazi ya kuuzuia tu mwanga, na mwingine unapenya. Fingaprinti yako inasoma kidole kupitia kwenye kioo, sasa nyuma pameshazibwa na taa itaona nini.

Nikauliza mwanga unazuiwaje, nikajuta kidogo maana hapo ndo penye raha yake. Akabandua karatasi mbili za kijivu kwenye vioo vya TV vilivyopasuka, akazipandanisha nikamwona mpaka muuza viazi ng'ambo ya barabara, akageuza moja robo mzunguko, giza totoro. Katikati ya karatasi hizo anasema ndo kunakaa likwidi kristali (liquid crystal), tabaka jembamba kuliko unywele, linatiririka kama maji ila chembe zake zimejipanga kama gwaride. Zenyewe ndo zinausokota mwanga upite, ukizipiga umeme zinasimama wima mwanga unakwama. Na lile doa jeusi la simu iliyopondwa sio wino, ni hayo maji yamehama mahali pake. Miaka yote mie nasema wino.

Kuna dogo anasomea udaktari KCMC, ile hospitali kubwa ya hapa Moshi, alikuwa anasubiri simu yake naye akadakia, eti hata utando wa seli zetu uko hivohivo, mafuta yamejipanga safu mbili ila yanateleza, na ule ute unaobaki kwenye kisahani cha sabuni ni ukoo huohuo. Meku akaongezea vile vikaratasi vya kubandika mtoto kwenye paji la uso vinabadilika rangi akiwa na homa. Nilienda na simu mbovu nikakuta darasa.

Usiku nikaingia gugo kuhakiki, kumbe kweli, na kisa cha hiyo likwidi kristali kilianzia kwenye karoti! Mwaka 1888 huko Prague mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alichukua kolesteroli ya karoti, akatengeneza kitu kinachoyeyuka mara mbili, kwenye nyuzi 145.5 kinakuwa uji wa ukungu, 178.5 ndo kinakuwa cheupe kama maji. Akamwandikia Otto Lehmann wa Ujerumani wakasaidiana kukielewa.

Haya turudi kwenye hela. AMOLED yenyewe ogino laki 2 na 20, kile kioo feki akanikabidhi mkononi bila kuombwa, na fingaprinti inashika mpaka leo. Ubaya, risiti hana, na kwa sababu kila mteja anafundishwa mtasubiri, mie nilifika saa nne nikatoka saa tisa. Benchi liko juani beba kofia. Bei nayo usijisumbue, nilimbembeleza mpaka kwa Kichaga akashusha elfu 5 tu.