Maikrowevu Yangu ya Swichi Mbili: Uzoefu Wangu wa Kufanyia Majaribio na Watoto

Ninayoizungumzia hapa ni maikrowevu ya kawaida kabisa: lita 20, wati 700, swichi mbili za kuzungusha, moja ya nguvu na nyingine ya muda, na sahani ya kioo inayozunguka ndani. Kwa kupasha chakula inafanya kazi yake vizuri, sina la kuongeza. Ninachotaka kueleza ni kitu ambacho kijitabu chake hakikisemi. Kwa mzazi anayetaka watoto waione fizikia kwa macho yao, hiki ni chombo bora sana, na kwa kazi hiyo naipenda kuliko zile za bei kubwa zenye vitufe tele.

Anza na chokoleti. Toa sahani ya kioo pamoja na kile kigurudumu cha chini yake, gubika bakuli dogo juu ya ekseli ya katikati ili kisizunguke kitu, kisha weka juu yake sahani bapa yenye bamba refu la chokoleti. Washa na usimame hapo hapo ukitazama. Mara tu chokoleti inapoanza kung'aa sehemu fulani, zima. Utakuta imeyeyuka kwa madoa madoa, na katikati ya doa na doa bado ni ngumu, unaweza kuigonga kwa ukucha. Mwanangu alipoiona mara ya kwanza aliniuliza, "Mama, mbona hapa pameiva na hapa bado?" Swali lake ndilo lenyewe. Mawimbi yanayopasha chakula humo ndani hugonga kuta za chuma na kurudi, yakakutana yenyewe kwa yenyewe; mahali pengine yanaongezeana nguvu, mahali pengine yanafutana. Ndiyo maana mashine imewekewa sahani ya kuzunguka, chakula kipite kwenye joto zamu kwa zamu.

Sasa chukua rula. Umbali kutoka doa moja hadi jingine huwa karibu sentimita 6, na huo ni nusu ya urefu wa wimbi. Zidisha kwa mbili upate sentimita 12, yaani mita 0.12. Kibandiko cha nyuma ya mashine kimeandikwa megahezi 2,450, maana yake mitetemo 2,450,000,000 kwa sekunde. Zidisha hizo mbili: mita 294,000,000 kwa sekunde. Kasi halisi ya mwanga ni mita 299,792,458. Mtoto wa shule ya msingi ameipima kasi ya mwanga kwa rula na chokoleti, kisha akaila maabara yake! Madoa hayapangiki sawasawa kila mara, kwa sababu mawimbi yanarudi kutoka kuta zote, kwa hiyo pima nafasi kadhaa utafute wastani.

Chokoleti ina haki ya kutangulia pia kwa historia. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa Raytheon huko Marekani, alikuwa karibu na magnetroni, kile kifaa cha rada kinachozalisha mawimbi haya, na inasimuliwa kwamba peremende ya chokoleti iliyokuwa mfukoni mwake ikayeyuka. Baadaye akajaribu mahindi ya bisi, yakapasuka.

Na bisi zenyewe ni somo. Punje ina maji kidogo ndani ya ganda gumu. Yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, na karibu nyuzi joto 180 ganda linaachia. Chagua punje chache zenye nyufa, uziweke peke yake kwenye bakuli la kioo la kuhimili moto, ufunike kwa sahani. Nyingi zitabaki chini zilivyo, maana mvuke umevuja taratibu. Watoto wakishaona hivyo, hutahitaji maneno mengi kuwaeleza shinikizo ni nini.

Jaribio ninalolipenda mimi mwenyewe ni la barafu. Kipande kikavu kilichotoka friza sasa hivi kwenye kikombe kimoja, maji baridi ya kiasi hicho hicho kwenye kingine. Maji yanakuwa ya moto huku barafu bado ipo. Molekuli za maji zina uhuru wa kugeukageuka zikifuata mawimbi, na humo ndimo joto linamotoka; za barafu zimefungamana. Sehemu ya barafu ikishayeyuka, yale maji machache ndiyo yanayolivuta joto. Basi umeshajua kwa nini nyama iliyoganda huiva pembeni na kubaki jiwe katikati. Shusha swichi ya nguvu hadi nusu, kaa kimya, usikilize: mngurumo unakuja, unakata, unakuja tena. Mashine haipunguzi moto. Inawaka kamili, inapumzika, joto lipate muda wa kusambaa.

Yapo nisiyoruhusu. Yai lenye ganda, hapana, linalipuka, na linaweza kulipuka hata baada ya kulitoa. Zabibu mbichi iliyokatwa nusu kwa nusu hutoa cheche za plazima, yaani gesi ya moto mno yenye chaji za umeme, zinazovutia sana kwenye video, lakini zinaweza kuunguza mashine. Maji matupu kwenye chombo laini cha kioo yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, kisha yakaruka ukiyatikisa. Tumbukiza kijiko cha mti kabla ya kuwasha. Na usiiwashe ikiwa tupu, kwa sababu mawimbi yasipopata cha kuyanyonya huirudia magnetroni ya mashine na yanaweza kuiharibu.

Kasoro ninazo mbili. Swichi ya muda ni ya kubahatisha chini ya dakika moja: nikitaka sekunde 20 naizungusha mbele zaidi, nahesabu kwa saa ya mkononi, kisha nafungua mlango. Taa nayo ni hafifu, na wavu wa mlangoni unawanyima watoto kuona vizuri. Wavu huo siuchukii, lakini. Matundu yake ni madogo mno kwa wimbi la sentimita 12 kupenya, ila mwanga unapita.

Unayetaka kununua kwa kazi hii, fungua mlango uinue ile sahani. Ikitoka, sawa. Zile zenye sakafu bapa isiyo na sahani huwa na feni ya kuchanganya mawimbi iliyofichwa, hivyo madoa ya chokoleti hayajitokezi vizuri, na rula yako itakosa cha kupima.